Barua ya wazi kwa Waziri wa Leba: Nitafutieni mdogo wangu aliyeko Saudia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,
Nairobi.

KUH: DADA ZETU WALIOKO SAUDIA, NA MMOJA WAO HASA

Mheshimiwa Waziri,

Natanguliza heshima zote zinazostahili cheo chako. Mimi ni mwalimu wa chekechea, mkaazi wa Jomvu, Mombasa. Barua za kawaida nimekwisha kuziandika na kuzipeleka kule nilikoelekezwa. Zilipigwa muhuri wa kupokelewa, na huo muhuri ndio jibu pekee nililonalo hadi leo. Hii naiandika mbele ya watu kwa sababu wiki iliyopita tulimzika binti wa mtaa wetu aliyerudishwa kutoka Saudia ndani ya sanduku, na karatasi alizokuja nazo zinasema alikufa kifo cha kawaida.

Alikuwa hajafika miaka thelathini. Aliondoka hapa mzima. Alipimwa damu, akapimwa mkojo, akapigwa eksirei ya kifua, daktari akaandika kwamba anafaa kwa kazi, maana bila karatasi hiyo hakuna visa. Waliomwosha ni akina mama wa papa hapa mtaani, na walichokiona mwilini mwake sitakiandika, kwa kuwa mamake yuko hai na barua hii itamfikia. Nitasema tu kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayeziamini zile karatasi.

Mdogo wangu naye yuko huko huko Saudia. Kama yu hai, mimi sijui.

Kila ninapokieleza kisa hiki mbele ya meza ya afisa, swali la kwanza huwa ni moja: alipitia wakala aliyesajiliwa? Ndiyo, Mheshimiwa, alipitia. Leseni ilikuwa ukutani ndani ya fremu, na jina la kampuni lilikuwa kwenye orodha ya serikali. Nililitafuta mwenyewe kabla hajatia sahihi, kwa sababu mlituambia redioni na kwenye televisheni kwamba wanaopata taabu ni wale wanaopitia njia za panya. Alikaa mafunzo mpaka mwisho, akafundishwa mashine ya kufulia, akafundishwa kuitika "hadhir" na "naam, madamu". Polisi walimpa cheti cha tabia njema. Mkataba ulipigwa mihuri yake yote. Kila mlichomtaka raia afanye, alikifanya. Nami sasa nina haki ya kuuliza: baada ya ndege kuruka, serikali ilimfanyia nini?

Kabla ya kwenda alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha EPZ, yaani eneo la viwanda vinavyotengeneza bidhaa za kuuza nje. Alishona mifuko ya suruali za jinzi ziendazo Marekani. Mifuko tu, kutwa nzima, maana kule mtu hashoni suruali, anashona kipande chake kisha kipande kinasukumwa kwa mwenzake. Mshahara haukufika elfu ishirini. Kulikuwa na idadi ya vipande vya kufikisha kila saa, na asiyefikisha husikia jina lake likitajwa kwa sauti mbele ya laini nzima. Oda zilipopungua, watu walipunguzwa, naye akawa mmoja wao. Nyumbani kuna mama mwenye presha, kuna mtoto wa mdogo wangu aliyekuwa ndio kwanza anaanza kusema, na kuna kaka yetu aliyekuwa utingo wa lori la makontena kati ya bandari na Nairobi. Kaka huyu kazi yake iliondoka siku serikali ilipoamua makontena yapande reli ya SGR. Tuliandamana humu mjini mwaka wa 2019 kwa ajili ya jambo hilo. Unaikumbuka Mombasa ya wakati ule, Mheshimiwa? Madereva, matingo, mafundi wa breki, wauza chai na mahamri kuanzia Changamwe mpaka Mariakani, wote walilalamika, na kila mmoja wao alikuwa na watu nyuma yake. Nadhani kina dada wengi waliopanda ndege kutoka mitaa yetu ni dada na wake za wale wanaume. Sina takwimu za kuthibitisha hilo, ila najua nyumba ninazozijua.

Basi alipokuja mtu na habari za Saudia, alikuta mlango uko wazi. Na hakuja mgeni. Alikuja mama tunayemfahamu, anayesali msikiti mmoja nasi, ambaye wakala humlipa kwa kila msichana anayempeleka. Alisema: ile ni nchi ya Waislamu wenzetu, utasali kwa wakati, hutalazimishwa kupika nguruwe, na Mungu akijalia utafanya Umra. Mama yangu alilia kwa furaha aliposikia neno Umra.

Alipofika Riyadh, mtu wa maktabu, yaani ile ofisi ya wakala wa upande wa Saudia, alichukua pasipoti yake papo hapo uwanja wa ndege. Akapelekwa Buraida, safari ya zaidi ya kilomita mia tatu kutoka Riyadh. Mkataba ulisema nyumba ya watu watano. Alizikuta nyumba mbili: ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, na ya mamake kafili, na siku za Ijumaa ya tatu, ya dadake. Mkataba ulisema riyali 900 kwa mwezi. Miezi ya mwanzo hakuona kitu, akaambiwa ni makato. Baadaye alilipwa kwa kuruka, mwezi huu ndiyo, miwili hapana. Ramadhani, mwezi ambao aliambiwa angeufurahia kuliko yote, alikuwa anapika futari ya ukoo mzima, anaosha vyombo mpaka karibu na daku, anapika daku, anaosha tena, analala baada ya Alfajiri, na watoto wakiamka saa mbili naye ameamka. Alifunga mwezi wote akiwa hivyo. Makka hajaiona.

Alikuwa akituma ujumbe wa sauti usiku wa manane, akinong'ona chooni. Mimi nilikuwa nikiusikiliza asubuhi kabla ya watoto wa darasa langu kufika. Ujumbe wa mwisho alisema kifua kinamuuma, ameomba kupelekwa hospitali akapewa Panadol. Kisha akasema: "Dada, nikifa wakawaambia ni moyo, msikubali." Tangu hapo simu imezimwa. Idd imekuja na kupita.

Yule wakala mwanzo alisema yuko salama, simu imeharibika. Halafu akasema ametoroka, kafili amemripoti hurubu. Halafu akasema kama tunamtaka arudi kabla ya miaka miwili kwisha, tulipe gharama za kumsafirisha, akataja robo milioni ya shilingi. Nilipomuuliza atarudishwaje mtu ambaye dakika mbili zilizopita umesema ametoroka na hajulikani aliko, alikata simu. Nilipokwenda ofisini nilikuta jina jingine mlangoni, fremu nyingine ukutani, na viti ni vile vile.

Kwa wasiojua: mfanyakazi akiripotiwa hurubu, yaani mtoro, ukaazi wake unakuwa si halali. Polisi wakimkuta wanamfunga. Kuajiriwa kwingine ni vigumu, kutibiwa kama watu ni vigumu, na kuondoka nchini ni vigumu mpaka mambo yake na kafili yamalizwe. Ripoti hiyo kafili huituma kwa simu yake ya mkononi akiwa ameketi sebuleni. Saudia ilibadilisha sheria mwezi Machi 2021, ikawaruhusu wafanyakazi wengi kuhama mwajiri na kutoka nchini bila idhini yake. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mabadiliko hayo. Kanuni nyingine zilianza kutumika Oktoba 2024: saa zisizidi kumi kwa siku, siku ya mapumziko kila wiki, pasipoti isichukuliwe. Nimezisoma, ni nzuri. Lakini ni nani anayeingia katika nyumba ya mtu Buraida, nyuma ya ukuta na lango la chuma, kuhesabu saa za kazi za msichana wa Jomvu?

Nilipokosa majibu nilianza kusoma, Mheshimiwa. Mengi niliyoyasoma yalihusu fedha.

Serikali ya Saudia huweka kikomo cha gharama ambayo familia ya huko hulipa ili kuletewa mfanyakazi wa nyumbani, na kikomo hicho hupangwa kulingana na nchi anayotoka mfanyakazi. Mapema mwaka wa 2024 ilitangazwa kwamba vikomo vimeteremshwa. Mfilipino riyali 14,700. Wa Sri Lanka 13,800. Wa Bangladesh 11,750. Mkenya ameteremka kutoka 10,870 mpaka 9,000. Mganda 8,300. Muethiopia 5,900. Ilitangazwa hadharani, kama bei ya unga inavyotangazwa hapa kwetu, na familia za Saudia zikafurahi kwa unafuu.

Nguo zinazofuliwa ni zile zile. Sakafu ni ile ile, na mtoto anayebebwa usiku ana uzito ule ule. Kinachotofautisha bei ni pasipoti, na bei ya pasipoti inatokana na serikali iliyoitoa, kwa yale inayoyadai na yale inayoyanyamazia.

Ufilipino iliamua mwaka wa 2006 kwamba raia wake asiende kufanya kazi ya nyumbani ughaibuni kwa chini ya dola 400 kwa mwezi. Hizo ni riyali 1,500. Waajiri wa Saudia walilalamika, na mwaka wa 2011 nchi hiyo ikaacha kuwapa vibali wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino na Indonesia kwa sababu serikali zao zilikuwa zikidai zaidi. Unajua mawakala waligeukia wapi? Waligeukia Afrika Mashariki. Walitujia kwa sababu wenzetu walikataa kuuzwa rahisi. Nao Wafilipino hawakuteremka, na mwaka uliofuata visa zikafunguliwa tena, dola 400 zikiwa pale pale. Mdogo wangu ameahidiwa riyali 900, yaani dola 240, na hata hizo hapewi zote.

Mwaka wa 2018 mwili wa Mfilipino mmoja ulikutwa ndani ya friza nchini Kuwait. Rais wao wa wakati huo, Rodrigo Duterte, alisimamisha safari za kwenda huko. Kufikia mwezi wa Mei Kuwait ilikuwa imetia sahihi mkataba: mfanyakazi abaki na simu yake, na pasipoti iwekwe ubalozini badala ya kukaa kwa mwajiri. Simpendi Duterte kwa mengi aliyowafanyia watu wake, lakini katika hili alionyesha kwamba nchi inayotuma wafanyakazi ina nguvu ikitaka kuitumia. Familia za Ghuba haziwezi kuishi siku tatu bila mtu wa kuwapikia na kuwalelea watoto. Sisi tunakwenda mezani kana kwamba tunaomba msaada.

Simu ya mdogo wangu, Mheshimiwa. Simu tu ingekuwa mikononi mwake, leo singekuwa naandika haya.

Sasa nije kwa waliokufa. Mwaka wa 2021 Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje, Macharia Kamau, aliwaeleza wabunge kwamba Wakenya waliokufa Saudia walikuwa 3 mwaka wa 2019, wakawa 48 mwaka wa 2020, na 41 mwaka ule wa 2021 kabla hata haujakwisha. Mamlaka za Saudia zilisema wengi wao moyo ulisimama, naye akasema haingii akilini vijana wengi kiasi hicho wafe kwa moyo. Wizara yake ilishauri safari zisimamishwe. Hazikusimama. Mwezi Machi 2025 gazeti la New York Times likaandika kwamba Wakenya wasiopungua 274 wamekufa Saudia katika miaka mitano, wengi wao wanawake, na kwamba mwaka wa 2024 peke yake walikuwa 55, maradufu ya mwaka uliotangulia. Gazeti hilo lilieleza pia kuhusu miili iliyochunguzwa ikakutwa na alama za kuungua na za kipigo, huku karatasi zikisema kifo cha kawaida. Mwezi Mei mwaka huo huo shirika la haki za binadamu la Amnesty International nalo likatoa yake, baada ya kuwasikiliza zaidi ya wanawake 70 waliorudi: saa za kazi zisizokwisha, matusi ya rangi, kunyimwa chakula, kuingiliwa usiku.

Sikuhitaji kuambiwa na watu wa nje. Lakini nauliza kwa nini tunaambiwa na watu wa nje. Wizara inayo majina ya walioondoka na inayo majina ya mawakala. Kwa nini hakuna siku hata moja iliyotoka karatasi serikalini ikasema: hawa ndio waliokufa, huyu alikufa hivi, wakala wake ni huyu, na wakala huyu amefanywa hivi?

Nafikiri najua sababu, ingawa wewe ndiwe unayekaa kwenye Baraza la Mawaziri, mimi nakaa na watoto wa miaka minne. Mwaka wa 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Chai haileti hizo, wala maua. Mwezi Februari mwaka huo huo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba iliyozidi asilimia kumi ili ilipe deni jingine la Eurobond lililokopwa mwaka wa 2014. Deni la dola linalipwa kwa dola, na dola haichapishwi Nairobi. Kwa hiyo kila msichana anayepanda ndege anaonekana kwanza kama kitu kitakacholeta dola, na mambo mengine yatatazamwa baadaye. Ndiyo maana kukawa na Kazi Majuu, mpango wa serikali wa kupeleka watu kazini ng'ambo, na magwaride ya kuaga watu uwanja wa ndege wakiwa na fulana na bendera. Sikumbuki gwaride la kuwapokea wanaorudi kwenye upande wa mizigo.

Gazeti lile lile liliandika kwamba wanasiasa na watu wa karibu na serikali wana hisa katika kampuni za kupeleka wafanyakazi. Kama ni uongo, mngesimama mkakanusha jina kwa jina. Kama ni kweli, basi yule ninayemlalamikia na yule ninayemlalamikia kwake wanagawana kamisheni moja, na nitakuwa naandika barua mpaka nizeeke.

Kuna jambo linalonikaa kooni kuliko yote. Suruali alizoshona mdogo wangu ziliingia Marekani bila ushuru kwa sababu ya mpango wa AGOA, sheria ya Marekani ambayo marais walisafiri kwenda kuitetea. Kila kontena la suruali zile lilikuwa na nambari, na kila nambari ilikuwa na mtu wa kuifuatilia kutoka lango la kiwanda mpaka dukani. Riyali 500 alizotuma mwezi ule wa mwisho aliolipwa zilifika Jomvu kwa dakika chache, na benki inaweza kukuonyesha kila kituo zilikopita na kila aliyezikata ada. Suruali inajulikana iliko. Pesa zinajulikana ziliko. Mshonaji aliyeshona suruali, mfuaji aliyetuma pesa, yeye ndiye asiyejulikana aliko, na nikiuliza naambiwa niwe na subira kwa sababu ni nchi ya watu.

Sisemi wasiende. Naomba nieleweke hapo, maana najua barua hii itajibiwa kwa kusemwa kwamba kuna waliofaulu. Wako. Jirani yangu wa nyuma ameezeka nyumba ya mamake na kusomesha wadogo zake kwa pesa ya Jeddah, bosi wake alimtendea kama mtu, na mimi namwombea dua mama yule wa Kisaudia nisiyemjua. Wala sitaki marufuku. Mwaka wa 2014 mlifuta leseni za kampuni 930 na kuzuia safari, na wasichana wakapitia Entebbe, Uganda, huko hawakuandikwa na mtu yeyote. Marufuku iliondolewa mwaka wa 2017 kwa ahadi, na ahadi hizo ninazikumbuka: mawakala wachujwe upya, mkataba wa serikali kwa serikali, mafunzo, na maafisa wa leba kukaa Riyadh, Doha na Abu Dhabi kuwaangalia watu wetu. Ziliandikwa magazetini. Mama alizikata akaziweka, kwa kuwa hata wakati ule mdogo wangu alikuwa ameanza kutamani kwenda.

Hao maafisa wanaangalia watu wangapi kila mmoja? Wana gari? Wamewahi kufika Buraida, au Hail, au Tabuk, au kazi yao inaishia Riyadh? Msichana aliyenyang'anywa simu, asiyejua njia, asiye na ikama, yaani kibali cha ukaazi, mkononi, atavukaje jangwa la kilomita mia tatu kwenda kupanga foleni ubalozini? Na wale wanaofika Riyadh tunasikia habari zao. Wanakesha nje mtaani Manfuha karibu na kituo cha mafuta, wakingoja wakamatwe ili wapakiwe kwenye ndege. Wengine wana watoto waliozaliwa huko wasio na cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hakuna pasipoti, na bila pasipoti mama hawezi kutoka akamwacha. Watoto hao ni Wakenya, Mheshimiwa. Nina ishirini na wanane darasani wa umri wao.

Ninayoyataka ni haya, na samahani kama hayajapangika. Mwili wowote unaorudi ufanyiwe uchunguzi hapa nyumbani na daktari wa serikali, bila familia kuombwa ada, na majibu yapewe familia kwa maandishi. Wakala anayefungiwa asifungue tena kwa jina jingine kwenye mlango ule ule, na hilo ni rahisi, watazameni wakurugenzi badala ya kutazama kibao. Amana ambayo wakala huiweka serikalini itumike kumrudisha mtu, maana ndiyo kazi yake, na familia isidaiwe robo milioni. Mshahara wa Mkenya usiwe chini ya wa Mfilipino. Simu isichukuliwe. Simu isichukuliwe, hilo lisainiwe na nchi ile na yeyote asiyelifuata asipewe mfanyakazi mwingine kutoka Kenya. Maafisa waongezwe, na wawe wanawake, wanaojua Kiarabu. Hapa Pwani tuna vijana chungu nzima waliosoma Kiarabu madrasa na vyuoni wakikaa barazani bila kazi.

Na kama yote hayo ni mengi, kama yatahitaji kamati na bajeti na mwaka mwingine wa fedha, basi yaache. Nifanyie moja.

Nitafutie mdogo wangu. Mtu mmoja, atoke Riyadh asubuhi kwa gari, afike Buraida kabla ya Adhuhuri, agonge lango la nyumba ile. Anwani imo kwenye mkataba. Amuulize kafili: yuko wapi? Kama yumo ndani, amwone kwa macho yake, asikubali kuzungumza naye kwa simu mwenye nyumba akiwa amesimama karibu. Kama amehamishwa nyumba nyingine, aende nyumba hiyo. Kama yuko jela kwa ajili ya hurubu, alipiwe na atolewe. Kama yuko hospitali, niambiwe ni hospitali gani. Na kama amekufa, Mheshimiwa, niambiwe na mtu mwenye jina na cheo, nisisubiri kupigiwa simu na uwanja wa ndege, na mwili wake uguswe kwanza na daktari wetu kabla ya karatasi yoyote kuandikwa neno moyo.

Mama haulizi tena habari za mshahara wala za Umra. Akisikia ndege inashuka kuelekea Port Reitz anatoka nje. Mtoto ameanza kuniita mimi mama, na namwacha aniite kwa sababu sijui nimwambie nini kingine.

Jina lake kamili, nambari ya pasipoti, nambari ya ikama, jina la kafili na jina la maktabu vimo katika faili iliyopokelewa na kupigwa muhuri. Sihitaji kuandika tena. Lifungueni faili hilo, na mtume mtu Buraida wiki hii.

Wako kwa heshima,

Dada yake,
Jomvu, Mombasa.